Manowari London: meli iliyofanya kazi ikiwa imetia nanga

Mtu akisikia neno manowari hufikiria mizinga. London ilikuwa nayo 90, ikiwa imepangwa katika sitaha mbili, iliposhushwa majini Chatham, Uingereza, mwaka 1840. Ilikuwa meli ya matanga tupu. Tarehe 17 Oktoba 1854, katika Vita vya Crimea, ilisogea kuzipiga ngome za Warusi huko Sevastopol. Mbao zilipopambana na mawe, mawe yakashinda. London ikajitoa ikiwa imeharibika. Mwaka 1858 ilitiwa mtambo wa mvuke na rafadha, lakini zama za meli za mbao zilikuwa zikiisha.

Huko Zanzibar, London ilianza kazi mwaka 1874, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, historia yake inapokuwa tamu. Haikufyatua mizinga wala kutweka tanga kumfukuza yeyote. Ilitia nanga mbele ya mji, ikawa ghala, karakana, hospitali na malazi ya mabaharia.

Juni 1873 Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alikuwa ametia saini mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Lakini tufani ya 1872 ilikuwa imeangusha mikarafuu ya Unguja, huku ya Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Mashamba ya Pemba yakataka mikono. Jahazi likipata upepo mzuri, Pangani hadi Pemba ni safari ya usiku mmoja, na kule mtu hujificha mikokoni ambako meli kubwa haiingii.

Kwa hiyo London ilituma mashua zake kukamata majahazi ya watumwa: za makasia, za tanga, na chache za mvuke. Mabaharia walikaa nje siku nyingi, wakilala kwenye mashua zisizo na paa, wakinyeshewa na kushikwa na homa. Serikali yao iliwalipa zawadi kwa vyombo na watumwa waliokamatwa, na wenye majahazi hawakuacha kulalamika kwamba tamaa ya fedha hizo iliwaponza hata wasiokuwa na hatia. Watumwa waliokombolewa wengi walipelekwa misheni, kama Mbweni na, upande wa Mombasa, Frere Town.

Bendera ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa kinga, maana Waingereza hawakuwa na haki ya kupekua chombo kinachoipeperusha. Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Charles Brownrigg wa London alisogeza mashua yake ya mvuke ubavuni mwa jahazi lenye bendera hiyo. Alitaka kutazama hati tu; watu wake hawakushika hata silaha. Ghafla waliokuwa jahazini wakafyatua bunduki na kuruka ndani ya mashua. Brownrigg aliigeuza bunduki yake, akaishika mtutuni na kupiga kwa kitako kama anayepiga rungu, mpaka akauawa. Nahodha wa jahazi, Hindi bin Khatam, alifuatwa Pemba na Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Sultani. Akajeruhiwa katika mapambano na kufa kwa majeraha.

Mwaka 1884 London iliuzwa na kuvunjwavunjwa. Mashambani, watumwa walikuwa bado wakichuma karafuu: amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba ilitoka 1897.