Asali nyekundu na shira iliyopotea Jumapili

Mwisho wa Februari, masika yakiwa bado hayajapiga, nilifungua mzinga wangu wa tatu hapa nyumbani Rau nikakuta fremu mbili zenye asali nyekundu. Sisemi kahawia iliyokolea, ile ya kawaida ya kiangazi. Nasema nyekundu, kama glasi ya juisi ya rosela ukiinyanyua juani.

Mke wangu alisema ni maua ya mikrismasi. Wengi wangesema hivyo, lakini wekundu wa petali hubaki kwenye petali. Nekta ya ua jekundu haiwi nyekundu. Asali hupata rangi kutokana na madini na viini vingine vinavyotoka kwenye mmea wenyewe, na kwa kawaida hucheza kati ya manjano mpauko na kahawia nzito. Ukikuta nyekundu ya namna hii, nyuki wamekunywa kitu kilichotengenezwa na binadamu. Mwaka 2010 wafugaji wa Brooklyn, huko New York, walipata asali nyekundu, na chanzo kikawa kiwanda cha matunda ya cheri yanayolowekwa kwenye shira ya rangi. Mwaka 2012 wafugaji wa Ribeauvillé, Ufaransa, walikuta masega ya bluu na kijani. Nyuki wao walikuwa wanatembelea mtambo wa gesi uliokuwa ukipokea mabaki ya peremende za rangi.

Kwa hiyo swali langu lilikuwa moja: nani hapa Moshi ameacha shira nyekundu wazi?

Jumatatu nilipeleka asali kwenye mkahawa ninaouuzia, kama kilomita mbili kutoka kwangu. Ni mahali padogo. Kahawa yao inatoka vihambani Kibosho na wanaikaanga wenyewe uani, kwa hiyo ukikaribia unaisikia harufu kabla hujauona mlango. Mama mwenye mkahawa hakunipokea kwa uchangamfu wake wa siku zote.

"Kaka, leo sina raha. Ndoo ya shira imepungua tena. Wiki ya nne sasa. Jumamosi naiacha imejaa, Jumatatu naikuta imeshuka lita mbili. Na Jumapili tumefunga, mwenye ufunguo wa stoo ni huyu kijana peke yake. Za mwizi arobaini. Mwisho wa mwezi aende kwao."

Kijana alikuwa anaosha vikombe hatua tatu tu kutoka tulipokaa. Alinisalimu, "Shikamoo mzee," bila kuinua macho. Sijaisahau sauti ile.

Nikauliza ni shira ya nini. "Ya rosela," mama akajibu. "Ya juisi ya baridi."

Moyo ulinipiga. Nikaomba kuiona stoo. Ukuta wa nyuma una matofali ya matundu ya kupitisha hewa, hayana wavu. Mama akanionyesha jinsi huiacha ndoo pale Jumamosi: imefunikwa kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, na kitambaa chenyewe kimelegea katikati hadi kinagusa shira. Hapo ndipo palipokuwa na siri yote. Mtu anayeona kitambaa anasema ndoo imefunikwa. Mimi naona chombo cha kulishia nyuki. Shira inapanda kwenye nyuzi, nyuki anasimama juu yake na kufyonza, wala hazami. Ndiyo maana mama hakukuta mizoga ndoo nzima ikamwamsha. Alikuta nyuki wawili watatu sakafuni, akafagia.

"Na Jumatatu huwa unaona nyuki wanazungukazunguka kwenye haya matundu?"

"Wengi tu. Nilikuwa nataka nipulizie dawa. Nikadhani wanafuata kahawa."

Hapana, kahawa iliyopikwa bila sukari haiwaiti. Maua ya mbuni ndiyo yanayowaita, yale meupe yanayonukia kama asumini, na nekta yake ina kafeini kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kipimo hicho kidogo humsaidia nyuki kukumbuka harufu ya ua. Lakini Februari ile maua hayakuwepo, na ndiyo sababu nyuki walikuwa tayari kuingia hata stoo ya mtu. Wale wa Jumatatu walikuwa wanarudi kuangalia kama ghala la jana bado lipo. Nyuki hukumbuka vizuri mahali na hata saa ya siku aliyopata chakula. Jumapili na Jumatatu kwake ni sawa. Siku za kazi ndoo inakaa jikoni, hivyo walikuta patupu.

Mama hakukubali. Lita mbili, alisema, zinywewe na wadudu? Tukakaa na kalamu. Nyuki kibarua mmoja hubeba kwa safari takribani sehemu 40 za milioni ya lita. Lita moja basi ni safari 25,000, lita mbili ni 50,000. Inatisha mpaka ukumbuke kwamba kundi lenye nguvu lina nyuki makumi ya maelfu. Wakitoka 5,000 tu, kila mmoja akaenda mara kumi kuanzia asubuhi hadi jioni, kazi imekwisha. Na anayepata hurudi kucheza ngoma ndani ya mzinga kuwaeleza wenzake upande na umbali. Karl von Frisch ndiye aliyeifumbua lugha hiyo, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Hesabu inaonyesha tu kwamba jambo linawezekana, na kazi ya mtu ilikuwa hatarini. Nilitaka ushahidi.

Wa kwanza ulipatikana jikoni kwangu. Rangi ya rosela hubadilika kufuata uchachu: kwenye ndimu hukolea wekundu, kwenye magadi hugeuka kuwa bluu yenye ukijani. Asali ina uchachu wake, ndiyo maana wekundu ulidumu kwenye masega. Nilichota kijiko cha asali ile nikakitia kwenye maji ya magadi. Ikageuka mbele ya macho yetu, mke wangu akaguna. Nikafanya vilevile na shira ya mkahawani. Ikageuka vilevile.

Wa pili ulisubiri Jumapili. Tuliiacha ndoo palepale kama kawaida, na kijana akakaa kwa mama siku nzima, ufunguo nikaushika mimi. Saa nne asubuhi stoo ilikuwa inavuma. Kwa kuwa nyuki aliye kwenye chakula, mbali na mzinga, hana nia ya kupigana, niliweza kusogea taratibu na kuwanyunyizia unga wa ngano kwa chujio la chai. Nikampigia mke wangu simu. Alikuwa amekaa kwa mbali, akiuangalia mlango wa mzinga wa tatu. Dakika nane baadaye akapaza sauti: "Ameingia mweupe! Na mwingine!"

Nilipoenda kumsimulia, mama alikuwa amesimama mlangoni kwake. Hakusema neno. Aliingia ndani, na nilimsikia akimwita kijana kwa jina lake, kwa sauti ya chini.

Dawa asingepulizia tena, hilo aliahidi. Tulitia wavu wa mbu kwenye matundu na shira ikahamia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Ndoo iliyo wazi ina madhara zaidi ya hasara ya sukari: makundi tofauti yakikutana hapo huambukizana magonjwa, na chakula kinapokatika ghafla huanza kuporana mizinga, wakawa wakali kwa kila apitaye. Kwangu niliweka beseni la maji lenye mawe ya kutulia.

Fremu zile mbili nilizirudisha kwa nyuki wazile wenyewe. Watu watatu walitaka kuzinunua kwa ajili ya rangi, nikakataa. Vimeng'enya vya nyuki huigeuza sukari ya dukani ikawa laini na tamu ulimini, lakini asali kwa viwango vya kimataifa hutokana na nekta ya maua au utomvu wa mimea. Hii ilitoka kwenye ndoo, na mimi siwezi kuiandika asali kwenye chupa yangu.

Kijana bado yupo mkahawani. Jumapili nyingine huja Rau, namvalisha vazi, ananishikia bomba la moshi. Ufunguo wa stoo mama alimrudishia wiki ileile. Hakuupokea. Alisema ukae kwake mama.