Ufuatiliaji ni nini hasa, maana kila mtu anataja kamera tu

Hapa Dodoma tangu serikali ihamie, majengo yameota kila upande, Mtumba, Njedengwa, Ihumwa huko, na kila jengo jipya lina kamera getini, basi ikitajwa habari ya kufuatiliwa watu wote macho juu ukutani. Juzi nimesikia tena mtu mzima na elimu yake anasema mtaani kwao hakuna ufuatiliaji kwa sababu hakuna kamera hata moja. Hapana jamani.

Ufuatiliaji ni kukusanya taarifa za watu kwa mpango, tena mfululizo, ili anayezikusanya aweze kuchukua hatua juu yao: awatibu, awalinde, awatoze, awauzie kitu, awazuie. Basi. Kamera ni chombo kimoja kati ya vingi.

Chukua daftari la wageni. Kaunta buku limepigwa mistari kwa rula, peni imefungwa kamba: jina, namba ya simu, unatoka wapi, unaenda kwa nani, saa ya kuingia, sahihi. Ukiinama kuandika ya kwako unaona na za wote waliokutangulia asubuhi hiyo, yaani dada aliyeacha namba yake saa tatu, mtu wa saa nne anaweza kuinakili na mlinzi asijue. Huo ni ufuatiliaji kamili, na kwa maoni yangu ni mbaya kuliko kamera iliyo juu yake, maana picha za kamera nyingi zinafutwa na picha mpya diski ikijaa, ila daftari likijaa linatupwa stoo na majina yote ndani, na hakuna anayeuliza tena.

Sasa kinachonikera zaidi ni kuchanganya ufuatiliaji na upelelezi. Upelelezi una tukio au una mshukiwa, kuna faili lenye jina lake, na jambo likiisha faili linafungwa. Ufuatiliaji hausubiri mshukiwa. Unachukua wote, wema na wabaya, unaweka, halafu siku ya haja ndo mtu anaenda kutafuta humo. Mwaka 2019 tulivyopanga foleni kusajili laini upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, hakuna aliyekuwa anashukiwa, na simu yako inavyotembea kutoka mnara mmoja kwenda mwingine, Kibaigwa, Kongwa, Mpwapwa, kumbukumbu zinabaki kwenye mitambo ya kampuni uwe umekosa au hujakosa. Ndo maana lile swali la "kama huna kosa unaogopa nini" halijibu kitu hapa, lile ni swali la upelelezi. Kwenye ufuatiliaji unauliza mengine: nani anashika taarifa, anazishika mpaka lini, na nani mwingine anaruhusiwa kuzifungua.

Na balozi wa nyumba kumi je? Kujua kwamba mtoto wa fulani kasafiri sio ufuatiliaji, huko ni kuishi na watu. Siku akianza kuandika nani kaingia nani katoka na kupeleka orodha mahali, hapo umeanza.

Ila wale wanaosema neno hili ni baya moja kwa moja nao wanakosea, na mkoa huu una ushahidi wake. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua, macho ya njano, tumbo kujaa, kutapika, na wengine wakafariki. Ukimtazama mgonjwa mmoja mmoja kijijini kwake unaona homa ya manjano, au unaona ini tu, au watu wanasema karogwa. Taarifa za vijiji mbalimbali zilivyowekwa pamoja, nani kaugua, wapi, kala nini, ndo ikaonekana kinachowaunganisha ni mahindi waliyovuna na kuhifadhi wenyewe nyumbani, yameingia sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Kazi ile inaitwa ufuatiliaji wa magonjwa na bila hiyo watu wangeendelea kusaga yale mahindi.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kufuatiliwa kumekatazwa na sheria, mrekebishe taratibu. Ibara ya 16 ya Katiba inampa mtu haki ya faragha, halafu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikatazi kukusanya taarifa, inataka anayekusanya awe na sababu inayojulikana, asizitumie kwa jambo jingine, asikae nazo kupita muda wa lazima. Na wewe mwenye taarifa unaruhusiwa kuuliza wana nini chako. Pale getini usigombane na mlinzi, yeye kapewa daftari tu, muulize mwenye jengo yale ya mwaka jana yako wapi.