Megawati tunazo, saa ndiyo inayotushinda

Mimi ni mhandisi wa umeme, na wateja wangu wengi wana viwanda hapa Nairobi. Swali lao halibadiliki: kama karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatokana na mvuke, maji, upepo na jua, mbona bili haishuki? Jibu langu ni kwamba sera yetu huhesabu megawati, yaani uwezo wa kuzalisha umeme, bila kutazama saa umeme huo unapohitajika.

Tuanzie Olkaria, kwenye visima vya mvuke karibu na Naivasha. Mvuke wa ardhini haulali, na kisima hakifungwi na kufunguliwa kila siku kama bomba la jikoni. Usiku wa manane, viwanda vikipunguza kazi, sehemu ya mvuke huo huachiliwa hewani. Saa hizo ndizo upepo wa Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, huvuma kwelikweli, nayo mitambo yake huambiwa ipunguze umeme. Kisha jioni, kati ya saa moja na saa nne, kila nyumba inawasha taa, runinga na pasi kwa pamoja. Hapo tunaagiza umeme Ethiopia na kuwasha mitambo ya mafuta kule Mombasa. Gharama ya mafuta hayo unaiona kwenye tokeni, hata kama wewe ni mpenzi wa nishati safi.

Kosa hili lina historia. Mitambo hiyo 365 ya upepo ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, megawati 310 kwa jumla, ilikuwa tayari 2017. Laini ya kilomita 428 ya kupeleka umeme huo hadi kituo cha Suswa ilikamilika Septemba 2018. Mkataba ulitaka mwekezaji alipwe hata stima isipofika, basi tukalipia mabilioni ya shilingi kwa upepo ambao haukuwasha hata balbu moja. Wengi humlaumu mwekezaji. Mimi namlaumu aliyetia sahihi mkataba huo kabla ya nguzo kusimama.

Tangu Desemba 2017 viwanda hupata bei nafuu usiku, lakini kwa masharti ya kiwango cha matumizi ambayo wengi hawayafikii. (Mama wa mtaa wa Kayole, mteja wa nyumbani, hakukumbukwa kabisa.) Ningelegeza masharti hayo kwanza, kisha pesa ziende kwenye betri kubwa za kuhifadhi umeme wa usiku hadi jioni, na laini za kusafirisha umeme.

Badala yake tunazungumzia kujenga mtambo wa nyuklia, jana Kilifi, leo Siaya. Mtambo wa nyuklia nao, kama mvuke, hupenda kufanya kazi usiku kucha. Kabla ya kuongeza megawati 1,000 za namna hiyo, wizara ituonyeshe mteja wa saa tisa usiku.