Atikuleta: Kifaa Kinachoiga Taya la Mgonjwa wa Meno

Atikuleta ni nini?

Ni kifaa cha chuma chenye mikono miwili, wa juu na wa chini, iliyounganishwa kwa nyuma. Sanamu za plasta za mataya ya mgonjwa hufungwa humo, ili fundi wa maabara atengeneze taji (kifuniko cha jino), daraja (jino la bandia linaloshikizwa kwa meno ya jirani) au meno ya bandia akiona jinsi meno yanavyokutana hata mgonjwa asipokuwapo.

Kwa nini bawaba ya kawaida haitoshi?

Weka kidole mbele ya sikio, kisha fungua kinywa polepole. Mwanzoni kichwa cha mfupa wa taya huzunguka mahali pake, lakini kinywa kikizidi kufunguka huteleza mbele na chini. Wakati wa kutafuna taya huenda pia kando, na hapo kichwa cha upande mmoja huteleza mbele na kuelekea ndani, huku cha upande wa pili kikikaribia kuzunguka papo hapo. Bawaba haifanyi hayo, na ndiyo maana jino linalofunga vizuri juu ya meza ya fundi laweza kugongana na mwenzake mara tu mgonjwa anapoanza kutafuna nyama.

Katika karne ya 19, daktari wa meno Mmarekani William Bonwill alieleza kwamba vichwa viwili vya taya, pamoja na nukta iliyo kati ya meno ya mbele ya chini, hufanya pembetatu yenye pande sawa za takriban sentimita 10, naye akaunda kifaa chake kwa vipimo hivyo. Ilikuwa hatua kubwa, ila watu hawalingani mataya. Vifaa vya baadaye vikawekewa skrubu za kurekebisha mwinuko wa njia ambayo kichwa cha taya huteleza, ambao mara nyingi hukadiriwa kuwa nyuzi 30 pasipokuwa na kipimo cha mgonjwa mwenyewe.

Mbona daktari hunifunga upinde usoni na kuniambia niume nta?

Upinde huo huonyesha taya la juu liko wapi likilinganishwa na kiungo cha taya kilicho karibu na masikio. Nta huonyesha taya la chini linavyokutana nalo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mgonjwa aliyekaa muda mrefu bila meno huzoea kusukuma kidevu mbele, na akiuma hivyo, kosa hilo huingia katika kila jino litakaloundwa. Kwa hiyo usikereke daktari akirudia kipimo.

Je, ni lazima kifaa kiwe cha bei kubwa?

Hapana. Taji moja kwa mtu ambaye meno yake mengine yanakutana imara laweza kutengenezwa kwa kifaa sahili. Mdomo unaojengwa upya wote huhitaji kinachorekebishika. Kwa maoni yangu, kifaa cha kawaida chenye vipimo makini ni bora kuliko cha ghali kilichopewa vipimo vya haraka.

Meno yangu mapya yananiuma. Kifaa kilikosea?

Si lazima. Plasta haibonyei kama ufizi, wala chuma hakina ulimi na mate. Usiyakwangue kwa kisu wala msasa. Rudi kwa daktari, naye atakuambia uume karatasi yenye rangi, aone meno yanapogusana kupita kiasi, na kupunguza hapo tu.