Gari Kukaa Chini Si Sawa na Gari Kushika Barabara

Wiki iliyopita niliulizwa tena. "Fundi, nishushie milimita 50, likae chini, lishike barabara." Nikamuuliza kijana shokapu zake zina umri gani, akanionyesha picha ya gari la mtu mwingine kwenye simu.

Nisisingiziwe kwamba nachukia magari yaliyoshushwa, langu mwenyewe limeshuka. Na kuna ukweli ndani yake: kitovu cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika, kikishuka, uzito unaohamia tairi za nje kwenye kona unapungua. Ila hesabu ni ndogo. Kitovu kikiwa sentimita 50 kutoka barabarani nawe ukashusha sentimita 3, umepunguza asilimia 6. Tairi nzuri zitakufaa zaidi kabla hujagusa springi hata moja.

Sasa linaloniudhi. Magari mengi madogo ya michezo yana MacPherson mbele, mfumo ambao shokapu na springi ni nguzo moja juu ya gurudumu, na bodi likilala upande kwenye kona halizunguki kitovu cha uzito. Linazunguka kitovu cha mlalo, nukta usiyoiona kwa macho, ambayo mahali pake panategemea sana mkono wa chini, ule unaounganisha gurudumu na bodi kwa chini, umekaaje. Katika kimo cha kiwandani, mara nyingi mkono huo umelala sawa, au ncha yake ya nje iko chini kidogo kuliko ya ndani. Ukishusha bodi, gurudumu haliendi popote, bado liko juu ya lami. Kilichoshuka ni ncha ya ndani. Mkono sasa unapanda kuelekea nje, na kitovu cha mlalo kinaporomoka haraka kuliko kitovu cha uzito. Wewe umeshusha sentimita 3, chenyewe kimeshuka zaidi, pengine kimezama chini ya lami. Umbali kati ya vitovu hivyo viwili ndio mtaimbo unaolaza bodi, nawe umeurefusha! Yaani gari ulilolishusha ili lisilale, kimaumbile sasa linataka kulala zaidi. Hulihisi kwa sababu linafichwa na ugumu wa springi mpya, zile fupi ulizoshushia gari. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona limetulia", namjibu limetulia kwa ugumu, wala si kwa kimo. Springi hizohizo ngumu katika kimo cha awali zingekutuliza vilevile, ila zisingependeza pichani.

Nikiri jambo. Kitovu cha mlalo tunakichora gari likiwa limesimama, na likishaingia kona kinahamahama. Nimewahi kupima gari ambalo kwa mchoro lilikuwa limeharibika kabisa, na dereva wake akawa anapunguza muda kila mzunguko. Mpaka leo sina maelezo yanayoniridhisha. Nadhani alijiamini zaidi kwa sababu usukani ulijibu haraka, lakini hiyo ni dhana tu.

Jambo la pili, ambalo wauza springi hawapendi kulizungumza, ni nafasi ya kubonyea. Tuseme gari lako likisimama lina milimita 70 kabla shokapu haijagusa ile raba ya kikomo, inayoizuia isibonyee kupita kiasi. Shusha 30, zimebaki 40. Nishati ambayo springi inameza hufuata mraba wa nafasi, kwa hiyo ili imeze tuta lilelile ndani ya milimita 40, inahitaji kuwa ngumu mara tatu hivi. Springi fupi za kawaida huongeza labda robo ya ugumu. Nishati iliyobaki anaibeba nani? Raba. Raba ya kikomo ni springi pia, tena kali sana, na ikiguswa katikati ya kona gurudumu lile linakakamaa ghafla na tairi inaachia. Ndiyo ile "gari limenigeuka tu" ninayosimuliwa kila mara. Wapo mafundi wanaokata kipande cha raba kuongeza nafasi. Mimi hukata kidogo pale tu watengenezaji wa springi wameelekeza, na hata hapo roho hainitulii.

Shokapu nitapita haraka. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, na shokapu ya kiwandani iliyochoka haiwezi kuituliza; gari linaanza kudundadunda. Badilisha vyote pamoja. Alaimenti ifanywe baada ya springi kutulia, kwa sababu ukishusha tu, kemba (gurudumu kuinama ndani au nje) na pembe nyingine za magurudumu zinahama na tairi zinaliwa upande wa ndani.

Kukata springi kwa grenda? Cha ajabu, fizikia yake si upuuzi. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiibakishia 5, inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Tatizo ni ncha, haikai tena kwenye kikalio chake, na springi inakuwa fupi mno gurudumu likining'inia. Nilikata za kwangu nikiwa mwanafunzi. Nilipopiga jeki, springi ilicheza kwenye shokapu kama bangili kwenye mkono mwembamba.

Na zile springi zenye mizunguko iliyobanana upande mmoja, zinazosifiwa kwamba ni laini kisha ngumu: mara nyingi uzito wa gari peke yake umeshaifunga mizunguko ile kabla hujawasha injini. Kazi yake iliyobaki ni kuzuia springi isilegee gurudumu likining'inia. Kazi nzuri, lakini si ile uliyoambiwa.

Kabla hujachagua, funga uzi wa plastiki kwenye ufito wa shokapu, ule unaoingia na kutoka, usukume chini hadi mdomoni mwa shokapu, kisha endesha wiki nzima kama kawaida yako. Utakapolisimamisha gari, uzi utakuwa umebaki pale shokapu ilipobonyea zaidi, upime umbali wake hadi kwenye raba. Yule kijana nilimfungia kabla hajaondoka. Amerudi jana: kwa springi za kiwandani zimebaki milimita 15. Tumekubaliana tuagize za kushusha 15, na bado ananuna.