Kinachoua nyasi si skramu

Kila nyasi za uwanja wa Misaki, Kobe, Japani, zinapopauka, wimbo ni uleule: raga ndiyo imeziua. Uwanja huo wa karibu watu 30,000 hutumiwa na Vissel Kobe ya soka na Kobe Steelers ya raga, basi skramu, ule msukumano wa wachezaji wa raga waliofungana mabega, ndiyo hubebeshwa lawama. Inachosha.

Skramu huumiza nyasi, hilo halina ubishi. Wanane kwa wanane wakisukumana, njumu hung'oa vibonge vya nyasi na udongo. Lakini kibonge hutibika: kirudishe mahali pake, kiinue kwa uma wa bustani kutoka chini, jaza mchanga wenye mbegu, mwagilia. Mizizi ikiwa imeshuka, kitashika.

Kinachoizuia kushuka ni kivuli. Paa la Misaki hufunguka, ila paa wazi si jua. Mwishoni mwa Desemba, jua la Kobe saa sita mchana hufika nyuzi 32 tu juu ya upeo, kwa hiyo upande wa kusini hukaa kivulini sehemu kubwa ya siku. Nyasi zisizopata mwanga hazilishi mizizi. Hapo skramu ya kwanza tu huondoka na tabaka zima. Kiangazi huja na joto, unyevu na hewa iliyotuama, na magonjwa ya ukungu hufuata. Zinazohitajika ni taa za kukuzia na feni. Kabla ya kulaumu timu yoyote, chomoa kipande cha udongo upime mizizi. Ikiwa chini ya sentimita 5, washa taa, acha kelele.

Eti nyasi mseto, zilizowekwa Misaki mwaka 2018, ni plastiki? Katika nyasi za aina hii nyuzi bandia huwa kama asilimia 5, zimeshonwa karibu sentimita 18 kwenda chini. Zinashika udongo tu. Zilizobaki ni nyasi hai, na zinataka jua lilelile.

Eti paa likifungwa mpira hukauka? Katika raga, Scotland iliifunga Samoa 34–0 hapo tarehe 30 Septemba 2019, paa limefungwa, na mpira uliteleza mikononi kwa jasho na unyevu.

Na wanaosema kubadilisha mchezo ni kuchora mistari upya: uwanja wa soka una urefu wa mita 105, wakati mistari ya goli ya raga huachana mita 94 hadi 100. Milingoti ya raga husimama ndani ya lile eneo dogo la golikipa wa soka. Ikishang'olewa, mashimo huzibwa kwa vifuniko vyenye nyasi, na kifuniko kikizama hata sentimita moja, mpira hubadili mdundo mbele ya kipa.