Damu inapungua kila mara, bingwa wa damu anakusaidiaje? Maswali na majibu

Swali: Nilipima damu ikawa 7, nikapewa vidonge vyekundu, miezi miwili nimemeza narudi kupima bado 7. Shida nini?

Jibu: Pole sana. Damu kupungua ni dalili kama homa ilivyo dalili, so bingwa kitu cha kwanza anauliza hiyo damu inaenda wapi. Namba hizo ni gramu za hemoglobini kwa desilita ya damu: mwanamke ambaye hana mimba akiwa chini ya 12 imepungua, mjamzito chini ya 11, mwanaume chini ya 13. Vile vidonge vinakupa madini chuma, sasa kama unableed siku nane kila mwezi sababu ya uvimbe kwenye kizazi, au una vidonda vya tumbo vinavuja taratibu, au minyoo ya safura, hapo ni kuchota maji kwa pakacha. Na wengine wanashushia na chai ya rangi, chai inazuia chuma kuingia mwilini! Meza na maji au juisi ya chungwa.

Swali: Atanipima nini?

Jibu: Ataanza na FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, anaangalia ukubwa wa seli nyekundu. Zikiwa ndogo mara nyingi ni chuma kimeisha, zikiwa kubwa anawaza upungufu wa foleti au vitamini B12. Akiba ya chuma anaijua kwa kipimo cha feritini, halafu damu inawekwa kwenye kioo inaangaliwa kwa darubini. Kuchukua uboho (ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu) kwenye mfupa wa nyonga sio kila mtu, na unachomwa ganzi kwanza.

Swali: Mwanangu ana selimundu (siko seli), damu ipo 7.5. Kwa nini daktari hataki kumuongezea?

Jibu: Hili wamama wananiuliza sana na naelewa hofu yao. Seli nyekundu ya kawaida inaishi kama siku 120, ya selimundu siku 10 mpaka 20 tu, kwa hiyo watoto wengi wenye selimundu wanaishi na 7 au 8 na wanacheza vizuri, bingwa anachoangalia ni imeshuka kutoka kwenye kawaida yake au la. Akiongezwa ovyo damu inakuwa nzito, na akiongezwa mara nyingi chuma kinajaa kwenye ini na moyo. Ndio maana anawekwa kwenye dawa ya haidroksiyurea, inapunguza maumivu na inapunguza kuongezwa damu, ila lazima arudi kliniki apimwe. Foliki asidi kila siku, penisilini mpaka afike miaka 5, chanjo zote, neti, maji mengi.

Na jifunze kupapasa bandama, iko chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba ghafla na mtoto amepauka, au ana homa ya 38 na kuendelea, au kifua kinabana, au mdomo umepinda au mkono umelegea, usisubiri asubuhi, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Swali: Mimi na baba yake wazima, ndugu wa mume wanasema nimeleta mimi.

Jibu: Hapana dada, mtoto amechukua nusu kwako nusu kwa baba. Nyote mmebeba kinasaba cha selimundu bila kuumwa, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto kuwa na selimundu. Nendeni wote wawili mkapime, baba aelezwe na daktari mwenyewe.

Swali: Juisi ya rosela je, inaongeza damu?

Jibu: Kunywa ukipenda, ila isichukue nafasi ya dawa. Chuma cha uhakika kipo kwenye maini, nyama, dagaa na maharage.